Acheni kutuambia kwamba DNS ni kitabu cha simu

Fungua karibu mwongozo wowote wa kuelekeza jina la kikoa (domeni, kama tunavyosema mtaani) kwenye seva iliyoko nyumbani. Iwe video au maandishi, ndani ya dakika moja utakutana na sentensi ileile: DNS ni kitabu cha simu cha intaneti. Unatoa jina, kitabu kinakupa namba, unapiga. Halafu zinakuja hatua tano au sita, na mwishoni unaambiwa usubiri saa 24 hadi 48 ili jina lako "lisambae duniani". Baada ya hapo tovuti yako itakuwa hewani.

Leo nataka kuisema vibaya sentensi hiyo. Sina ugomvi na wanaoitumia, maana mimi mwenyewe nimeshaitumia mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nikajiona mwalimu. Baadaye ikanigharimu siku tatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Masika moja niliweka kipima mvua nyumbani kwa mama, Morogoro. Ni kile cha kikombe kinachopinduka: kila kikijaa kinapinduka, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inahesabu. Kompyuta hiyohiyo ndiyo seva, inatoa ukurasa mmoja unaoonyesha mvua ya leo na ya wiki. Nikanunua kikoa, nikafungua mwongozo, nikafuata kila hatua. Nilitafuta anwani ya IP ya nyumbani kwa kutumia tovuti inayokuonyesha anwani yako. Nikaiandika kwenye rekodi ya A ya kikoa. Nikaingia kwenye ruta, nikafungua mlango namba 80 na 443 vielekee kwenye kompyuta yetu, ambayo ndani ya nyumba ni 192.168.1.50. Nikapanda basi kurudi Dar, nikasubiri.

Mama akiandika 192.168.1.50 kwenye simu yake, akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, mvua anaiona. Mimi nikiandika jina nililolinunua, ukurasa unazunguka mpaka unakata tamaa. Siku ya pili mama akapiga.

"Mwanangu, mvua yako huku inaonekana. Huko je?"

"Bado, mama. Jina linasambaa."

"Linasambaa mpaka lini? Mvua yenyewe imeshakauka."

Nilikuja kugundua kwamba jina lilikuwa sahihi tangu saa ya kwanza. Hakukuwa na chochote kinachosambaa. Mwongozo ulinifanya nisubiri jambo lililokwisha, na haukunipa hata swali moja la kunisaidia kuona tatizo liko wapi.

Kwanza tuitendee haki

Kila sitiari ina kazi yake, na hii inafanya kazi moja vizuri. Inamweleza mtu ambaye hajawahi kufikiria jambo hili kwamba kompyuta hazifikiani kwa majina, zinafikiana kwa namba, na kwamba kuna huduma inayobadilisha jina kuwa namba. Kwa mtu anayesoma tovuti tu, hiyo inatosha.

Lakini anayetaka kuweka seva nyumbani si msomaji tena. Sasa yeye ndiye mwenye nyumba, anataka wageni wamfikie. Ukimpa picha ileile ya msomaji, unamwacha bila vifaa. Naona makosa matatu.

Kosa la kwanza: kitabu hicho kilikuwepo, na kiliachwa

Kichekesho ni kwamba intaneti iliwahi kuwa na kitabu cha simu kwelikweli. Enzi za ARPANET kulikuwa na faili moja lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa California, kwenye taasisi ya SRI, na kituo cha taarifa kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Lilikuwa na orodha ya majina na anwani za kompyuta zote. Ukitaka jina jipya unaomba pale. Ukitaka orodha mpya unaipakua yote, unaiweka kwenye kompyuta yako.

Mfumo huo ulielemewa. Kompyuta ziliongezeka, faili likazidi kukua, kila mtu akawa analivuta upya, na kila jina likawa lazima lipitie ofisi moja. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alipochapisha muundo wa DNS katika RFC 882 na 883. Mwaka 1987 zikafuata RFC 1034 na 1035, ambazo hadi leo ndizo msingi.

Kwa hiyo tunaposema DNS ni kitabu cha simu, tunaeleza kile ambacho DNS ililetwa kukiondoa. Ni sawa na kumweleza mtu daladala kwa kusema ni punda mwenye viti.

RFC 1034 yenyewe, pamoja na ukavu wake wote, inaeleza vizuri kuliko video nyingi nilizotazama. Inatumia picha ya mti. Juu kuna shina, chini yake kuna matawi kama .com, .org, .tz na .ke, chini ya hayo kuna vikoa vya watu, na kila tawi linaweza kukabidhi vitawi vyake kwa mtu mwingine avisimamie. Neno muhimu hapo ni kukabidhi, na ndilo ambalo kitabu cha simu kinalificha kabisa.

Sisi tuna picha iliyo karibu zaidi. Fikiria mgeni anayetafuta nyumba ya mtu kijijini. Anafika kwa mtendaji wa kata. Mtendaji hajui nyumba ile, ila anajua mwenyekiti wa kitongoji husika, anamwelekeza kwake. Mwenyekiti naye hajui nyumba, anamjua balozi wa nyumba kumi. Balozi ndiye anayesema: "Mlango wa bluu, pale kwenye mwembe." Hakuna hata mmoja mwenye orodha ya wote. Kila mmoja anajua tu nani anayejua. Hivyo ndivyo jina linavyotafutwa: seva za shina zinakuelekeza kwa wanaosimamia .tz, wao wanakuelekeza kwa seva zinazosimamia kikoa chako, na hizo ndizo zinazotoa anwani.

Ukiwa na picha hii, unajua mara moja kwamba swali la kwanza ni "balozi wangu ni nani, na anasema nini?" Unaweza kumuuliza yeye mwenyewe moja kwa moja. Kwa amri ya dig unataja seva inayosimamia kikoa chako, unaiuliza anwani, unapata jibu kwa sekunde moja. Mimi ningefanya hivyo siku ile, ningejua kabla basi halijafika Chalinze kwamba jina halina tatizo.

Kosa la pili: hakuna kinachosambaa

Kutoka kwenye kitabu cha simu linazaliwa wazo la pili, kwamba kitabu kipya kinapochapishwa lazima nakala zisambazwe. Basi ukibadilisha anwani, unasubiri nakala zifike Nairobi, London na Tokyo.

DNS haisukumi chochote kwenda popote. Jibu linatoka pale tu mtu anapouliza. Kinachochelewesha ni kumbukumbu: seva iliyouliza kwa niaba yako inalihifadhi jibu kwa muda, ili isirudi kwa balozi kila mara. Muda huo anauweka mwenye kikoa, kwa sekunde, na unaitwa TTL. Ukiandika 300, jibu linahifadhiwa dakika tano. Ukiandika 86400, ni siku nzima. Ni kama bodaboda aliyeelekezwa jana: leo hamuulizi balozi, anakwenda moja kwa moja. Akiwa na maelekezo ya zamani atakupeleka kwenye nyumba ya zamani, mpaka muda wa maelekezo yale uishe.

Tofauti hii si ya maneno tu. Kama jina lako ni jipya na hakuna aliyewahi kuliuliza, hakuna kumbukumbu ya zamani popote, kwa hiyo hakuna cha kusubiri isipokuwa mtoa huduma wako achapishe rekodi. Kama uliuliza kabla hujaweka rekodi, ukajibiwa "hakuna jina hilo", jibu hilo la "hakuna" nalo huhifadhiwa kwa muda. Yaani yule mwenye haraka anayejaribu kila dakika kabla ya kumaliza kuandaa anajichelewesha mwenyewe.

Na hizo saa 48? Si uongo mtupu. Ukibadilisha seva zinazosimamia kikoa chako, yaani ukibadilisha balozi, unagusa maelekezo yanayotunzwa ngazi ya juu. Kwa .com maelekezo hayo yana TTL ya sekunde 172,800, ambazo ni siku mbili kamili. Miongozo imechukua muda wa kubadilisha balozi, ikaupachika hata kwa mtu aliyebadilisha rangi ya mlango. Matokeo yake mwanafunzi anapewa ruhusa ya kutofikiri kwa siku mbili.

TTL ina uzito mwingine kwa mwenye seva ya nyumbani. Watoa huduma wengi hawakupi anwani ya kudumu, na ruta ikizima na kuwaka inaweza kupewa nyingine. Kwetu umeme ukikatika jioni, unaweza kuamka na anwani mpya. Ukiwa umeweka TTL ya siku nzima, wageni wako wataendelea kupelekwa kwa anwani ya zamani, ambayo huenda sasa ni ya mteja mwingine kabisa. Ndiyo maana kuna programu ndogo zinazokaa kwenye seva, zikiona anwani imebadilika zinaisahihisha rekodi. Miongozo mizuri huzitaja. Michache sana inakwambia kwamba bila TTL fupi hazikusaidii vya kutosha.

Kosa la tatu: namba uliyopata huenda si yako

Hili ndilo lililonipata, na ndilo linalonikera zaidi.

Kitabu cha simu kinadhani kila mtu ana namba yake. Anwani za IPv4 hazitoshi kwa hilo. Jumla yake ni 4,294,967,296, na tarehe 3 Februari 2011 hifadhi kuu ya dunia iligawa mafungu ya mwisho kwa sajili tano za kikanda, AFRINIC yetu ikiwa mojawapo. Dawa iliyotumika ni kuchangia. Ndani ya nyumba, ruta inawapa wote anwani za ndani na kutoka nje kwa anwani moja. Mbinu hiyo inaitwa NAT. Kisha watoa huduma wakafanya NAT juu ya NAT: wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje. Hiyo inaitwa CGNAT, na mwaka 2012 RFC 6598 ilitenga fungu maalumu kwa ajili yake, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255.

Picha yake tunayo, tena wengi tumeiishi: sanduku la posta la shule ya bweni. Shule nzima ina S.L.P. moja. Tuseme bahasha haziandikwi jina la mwanafunzi, zina namba ya sanduku na namba ndogo pembeni. Ukituma barua, karani anaandika kwenye daftari: namba ndogo 4012 ni ya fulani, bweni la tatu. Jibu likija na 4012, anajua pa kulipeleka. Lakini barua ikija bila wewe kuandika kwanza, daftari halina kitu. Karani anaitupa.

Kuvinjari tovuti ni kuandika kwanza, ndiyo maana unafanya kila kitu mtandaoni bila kuhisi shida yoyote. Kuwa seva ni kupokea barua kutoka kwa mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye ruta ya mama kufungua milango, yaani nilimpa maelekezo kiranja wa bweni. Kiranja alielewa vizuri tu. Barua zilikuwa zinaishia ofisini kwa karani, na ofisi hiyo ni ya mtoa huduma. Sina ufunguo wake.

Kipimo cha kulijua hili kinachukua dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta, angalia anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma. Kisha angalia anwani inayoonekana kutoka nje. Zikiwa sawa, una anwani yako. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, au ikiwa ni ya ndani kama 10 au 192.168, kuna mtu kati yako na dunia. Ya mama ilianza na 100.81. Siku tatu, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa niliokuwa nimeufungua mwenyewe.

Kwa nini miongozo haianzi na kipimo hiki? Nadhani kwa sababu aliyeandika alikuwa na anwani yake. Hakudanganya, alieleza nyumba yake. Lakini kwetu nyumba nyingi zinapata intaneti kupitia ruta yenye laini ya simu, na mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja nyuma ya CGNAT. Kinachonisikitisha ni sisi tunaotafsiri. Tunachukua mwongozo wa mtu wa Texas mwenye faiba yake, tunaubadilisha lugha, hatubadilishi nyumba.

"Lakini anayeanza anahitaji kitu rahisi"

Huu ndio utetezi ninaousikia, na una ukweli ndani yake. Hakuna anayetaka kuanza na RFC. Lakini balozi, bodaboda na karani wa posta si vigumu kuliko kitabu cha simu. Kwa kijana wa leo ni rahisi zaidi, maana kitabu cha simu wengi hawajawahi hata kukishika.

Sitiari ya kufundishia naipima hivi: mambo yakikwama, inakupa swali la kuuliza? Kitabu cha simu kinakupa jibu moja tu, subiri kingine kichapishwe. Picha yangu nayo ina mapengo, nikiri. Balozi wa kweli anaweza kumshuku mgeni na kukataa kumwonyesha nyumba. Seva ya DNS inamjibu yeyote anayeuliza, na hilo lina madhara: ukiweka anwani ya nyumbani kwenye rekodi ya A, umeitangaza. Wala usijifiche nyuma ya wazo kwamba jina lako halijulikani. Ukichukua cheti cha HTTPS kutoka kwa Let's Encrypt, jina lililoandikwa kwenye cheti linaingia kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Roboti za kupima milango zitabisha hodi mapema. Mwongozo unaokufundisha kufungua mlango bila kukwambia haya umefanya nusu ya kazi.

Basi mwongozo mzuri ungekuwaje?

Ungeanza na kile kipimo cha anwani mbili, kabla hujatoa hata shilingi kununua kikoa. Kisha ungegawanyika. Mwenye anwani yake aendelee na rekodi ya A, TTL fupi, na programu ya kusahihisha anwani. Mwenye IPv6 ajaribu rekodi ya AAAA, akikumbuka kufungua ukuta wa ulinzi wa ruta, na kwamba wageni wasio na IPv6 hawatamfikia. Aliye nyuma ya CGNAT ana njia mbili: amuombe mtoa huduma anwani ya umma, kwa kawaida kwa malipo, au achimbe handaki kutoka nyumbani hadi kwenye seva ya kukodi yenye anwani yake.

Njia ya handaki inafanya kazi kwa sababu inafuata sheria ya karani. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoandika kwanza, inaushikilia mlango wazi kutoka ndani, na wageni wanapitia humo. Hapo mwongozo mzuri ungesema bila kuficha kwamba jina lako sasa halielekei nyumbani. Linaelekea kwa mtu wa kati. Ukijenga mwenyewe kwa WireGuard na kupitisha mlango wa 443 kama ulivyo, cheti kinabaki nyumbani na mtu wa kati haoni kilichomo. Ukitumia huduma ambayo inafungua HTTPS katikati, anaweza kuona. Kuchagua ni juu yako, ila ujue unachagua.

Nimeliandika hili kwa sababu ya binti mmoja wa mwaka wa pili idarani kwetu. Alikuwa anataka kuweka kwenye kompyuta yake rekodi za hadithi za bibi yake, kwa jina alilolinunua kwa hela ya matumizi. Alihangaika, akaacha. Nilipomuuliza alisema, "Kaka, mimi nadhani mambo ya mitandao si yangu." Tulikaa naye, tukafungua ukurasa wa ruta ya nyumbani kwao. Namba ya kwanza ilikuwa 100.

Yeye hakuwa na kosa hata moja. Alifuata maelekezo barabara, na maelekezo yalikuwa ya nyumba nyingine. Ni wangapi wameacha hivyo, wakidhani tatizo ni akili yao?

Mvua ya mama sasa inaonekana. Niliishia kuchimba handaki hadi seva ya kukodi iliyoko Frankfurt, Ujerumani. Kwa hiyo jirani wa mama akitaka kujua kimenyesha kiasi gani uani kwetu, swali lake linakwenda Ulaya kwanza, halafu linarudi Morogoro, nyumba ya pili kutoka kwake. Nilimweleza mama. Akacheka, akasema angemuuliza tu kupitia dirishani.